Mustang Mach 1 ya 1969: mistari ya ubavuni na mikanda ya kung'aa, naanzia wapi?

BatiNjiro

Wakuu, habari za kazi.

Nipo Arusha. Gari ni Ford Mustang Mach 1 ya 1969, usukani kushoto. Mwenye gari anataka mwonekano uleule wa kiwandani, siyo "inayofanana". Injini na umeme havihusiki kwenye uzi huu, shida yangu ni vitu vya nje.

Hali yake iko hivi. Mistari ya ubavuni, ile inayoakisi mwanga, imebaki vipande, upande wa kulia imechanika kuanzia mlangoni kwenda nyuma. Mstari wa mlango wa buti upo lakini umepasuka kama udongo wa kiangazi. Mikanda ya kung'aa kuzunguka kioo cha mbele na cha nyuma ina mabonde matatu na mikwaruzo mingi. Nembo zina vipele. Rangi ya zamani bado ipo ubavuni, fundi rangi wa mtaa wa Unga Limited anataka kuingia na msasa wiki ijayo.

Maswali: mistari nichongeshe hapahapa kwa watu wa stika za magari ya utalii au niagize seti? Mikanda inanyooka au ninunue mipya? Na kipi kinatangulia?

MzeeWaTupa

Mkuu, mwambie huyo fundi rangi asubiri. Kama rangi ya zamani bado ipo ubavuni, hiyo ndiyo ramani yako, na msasa ukipita mara moja imekwenda.

Chini ya mstari wa zamani rangi haikupigwa jua. Hata pale stika ilipobanduka utaona kivuli chake: rangi iliyokuwa imefunikwa imekolea, ya pembeni imepauka. Osha ubavu kwa maji na sabuni, futa ukauke, kisha mulika kwa tochi ukiishika karibu na bati, mwanga upite kwa ubapa. Ukingo wa mstari utauona wazi.

Chukua nailoni nyeupe ya kuonyesha, ile ya kufunikia meza, ibane kwa tepu ya karatasi, uchore kwa kalamu ya wino usiofutika. Usichore mstari peke yake. Chora pia ukingo wa mlango, upinde wa tairi, mkunjo wa bati na tundu la kitasa, maana nailoni bila alama hizo hutajua uirudishe wapi. Halafu pima kwa rula ya chuma kutoka kwenye mkunjo wa bati hadi ukingo wa juu wa mstari, sehemu tano au sita kila ubavu, na upige picha rula ikiwa mahali pake. Fanya kulia na kushoto kila mmoja kivyake. Mistari ile ilibandikwa kwa mikono ya watu, kwa hiyo pande mbili zinaweza kupishana milimita kadhaa. Usiupindue mchoro wa kushoto ukadhani umepata wa kulia.

Kabla ya yote hayo, hakikisha gari ni Mach 1 kweli. Kibati cha mlango wa dereva kisome 63C kwenye nafasi ya bodi. Namba ya chesisi inaanza na 9 (ndiyo 1969), inafuata herufi ya kiwanda, kisha 02, halafu herufi ya injini: H na M ni 351, S ni 390, Q na R ni 428 (ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Kama kibati kimebadilishwa au hakipo, agiza ripoti ya Marti, wale wenye kumbukumbu za uzalishaji za Ford kuanzia magari ya 1967. Unawapa namba ya chesisi, wanakuonyesha gari lilitoka kiwandani na rangi gani na vitu gani. Hiyo ndiyo itakayokwambia uagize mstari wa rangi ipi, kwa sababu rangi ya mstari ilifuata rangi ya gari. Ukiotea, umekula hasara ya seti nzima.

Angalia pia usiuziwe ya 1970. Mwaka huo mistari hii ya ubavuni iliondoka, ikaja mikanda mipana ya alumini chini ya milango yenye maandishi ya Mach 1. Wauzaji wengine wanaandika "1969-70" kwa kila kitu.

Stenlesi_Moshi

Nachukua la mikanda, hapo ndipo watu wengi wanaharibu vitu ambavyo havikuwa vibovu.

Jua kwanza kila kipande ni madini gani, kwa sababu dawa ya kimoja ni sumu ya kingine. Watu wanapima kwa sumaku wakidhani stenlesi haishikwi. Si kweli kwa magari, stenlesi nyingi ya mikanda inashikwa na sumaku. Kipimo changu: kikishikwa na hakina ganda linalobanduka, ni stenlesi. Kisiposhikwa na ni chepesi kama sufuria, shuku alumini. Kikiwa kizito, cha kumiminwa kwenye kalibu, na kina vipele, ni zinki iliyochovywa kromu. Nembo zako ziko hapo.

Kutoa mkanda wa kioo: usichokonoe kwa bisibisi ya bapa. Tengeneza kipande cha chuma chembamba, upana kama sentimita mbili, mwisho kiwe na ndoana fupi. Kiingize chini ya mkanda upande wa kioo, kisogeze taratibu hadi kiguse klipu, vuta klipu iachie ukingo, ndipo usogee kwenye klipu inayofuata. Fungua zote za upande mmoja kabla ya kuinua. Ukiinua mwisho mmoja huku katikati kumeshikwa, mkanda unajikunja, na kunyoosha mkunjo ni kazi mara kumi ya kunyoosha bonde. Vijiti vya klipu kwenye bodi vikague vizuri, hapo ndipo maji yanakaa na kutu inaanzia. Kama bati limeoza chini ya mkanda, lishughulikie sasa, siyo baada ya rangi.

Mabonde ya stenlesi yananyooka. Laza mkanda kifudifudi juu ya gogo la mti mgumu ulilochonga lifuate umbo lake, ndani ukiona nyuma ya bonde. Tumia panchi yenye ncha ya duara, milimita 3 au 4, na nyundo ndogo. Gonga kama unabisha hodi kwa mgonjwa. Anza pembezoni mwa bonde ukizunguka kuelekea katikati, kila mapigo machache geuza uangalie. Kosa la kawaida ni kupiga kwa nguvu katikati, bati linatanuka na badala ya bonde unapata kichuguu, na kichuguu cha bati lililotanuka hakirudi.

Ukikaribia usawa, paka wino wa kalamu upande wa mbele, kisha pitisha tupa laini mara mbili tu. Wino ulipobaki bado ni shimo, tupa ilipong'arisha ni juu. Rudi nyuma, gonga penye wino, paka tena. Usitumie tupa kusawazisha, hiyo ni ya kukuonyesha tu. Bati la mkanda ni jembamba, utalitoboa.

Baada ya hapo msasa wa maji: 400 penye alama za tupa peke yake, halafu 600, 800, 1000, 1500. Kila namba badilisha mwelekeo, na usihame mpaka mikwaruzo ya namba iliyopita iishe. Kisha gurudumu la mkonge na dawa ya kukata, likifuatiwa na gurudumu la pamba na dawa nyeupe ya kumalizia. Gurudumu moja dawa moja, ukichanganya unarudi mwanzo.

Na hapa sikiliza kaka: gurudumu likidaka ncha ya mkanda linaurusha kama upanga. Funga mkanda kwenye ubao mrefu, ng'arishia nusu ya chini ya gurudumu, na gurudumu lizunguke likitoka kwenye ncha, lisiielekee. Miwani ni lazima. Glavu za kitambaa acha, zinadakwa.

Alumini ni habari nyingine. Ile inayoonekana na ukungu mweupe usiotoka kwa polishi ina ganda la kiwandani juu yake, na huwezi kung'arisha mpaka ganda litoke. Linatoka kwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Magadi hayafanyi kazi hii, msidanganyane. Beseni la plastiki, lita moja ya maji baridi, ongeza kostiki vijiko viwili vya chakula. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanachemka na kukurukia usoni. Tumbukiza kipande, mapovu yakianza kutoka sawasawa kila mahali ganda limekwisha, kwa kawaida ni dakika 3 hadi 10. Toa, suuza kwa maji mengi, futa weusi kwa siki. Ukisahau ukaenda kula, utakuta umepungukiwa alumini.

Zinki isiguse kostiki kabisa, inaliwa vilevile. Nembo zako peleka pembeni.

StikaKijenge

Habari za leo. Nitajibu la mistari kwa upande wa stika, kwa sababu ndiyo kazi ya ofisini hapa kila siku.

BatiNjiro, kwa mashine za Arusha kukata mstari si tatizo, ukileta mchoro wa nailoni tutauskani na kukata hadi nusu milimita. Tatizo ni malighafi. Vinaili inayobandikwa kwenye milango ya magari ya utalii ni za aina mbili. Ya bei ya chini inasinyaa. Baada ya miezi kadhaa ya jua utaona mstari mweusi wa gundi na vumbi ukizunguka kila herufi, hiyo ni stika imejivuta. Ya pili, inayoitwa kasti, haisinyai namna hiyo na inalala vizuri kwenye mikunjo. Lakini hizo zote mbili haziakisi mwanga, na Mach 1 ya 1969 inatakiwa iwake ikimulikwa usiku.

Sasa ukiuliza madukani "ya kuakisi", wengi watakupa ile ya malori yenye vichumba kama sega la nyuki. Hiyo hapana. Hata mchana sega linaonekana. Unayotaka ni laini, yenye chembe ndogondogo za kioo ndani, karibu na ile ya vibao vya barabarani vya kawaida. Hata ukiipata, rangi yake ikiwa mchana haitalingana na ya Ford, na mwenye gari ameshasema hataki inayofanana.

Ushauri wangu, na ninajinyima kazi hapa: ya ubavuni na ya buti agiza seti iliyotengenezwa kwa ajili ya 1969. Sisi tukukatie seti ya majaribio kwa vinaili ya bei ya chini, uibandike kwenye gari uone mpangilio, ubandue. Kwa njia hiyo ukifika kwenye yenyewe mkono umeshazoea. Mwambie muuzaji aviringishe stika kwenye bomba gumu, asikunje. Vinaili ya kuakisi ikikunjwa mkunjo hautoki.

Kubandua ya zamani: drai ya saluni inatosha, bati liwe la moto kiasi cha kuweza kuweka kiganja. Vuta taratibu ukilaza stika karibu na bati, usiivute wima. Ya miaka hii itatoka kama magamba, vumilia. Gundi iliyobaki ilainishe kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, iache dakika kumi, kwangua kwa kadi ya plastiki, osha kwa sabuni. Thina inaondoa gundi haraka na inaondoka na rangi, na wewe bado unaihitaji hiyo rangi kulinganishia.

BatiNjiro

Asanteni sana. Nimemsimamisha fundi rangi, kanuna lakini ataelewa.

Mengine matatu. Moja, yeye anasema tubandike mistari halafu tupige klia (ile rangi ya mwisho inayoonyesha) juu ili ukingo usionekane. Mbili, boneti nyeusi isiyong'aa, naipataje? Tatu, nembo moja imekatika kijiti cha nyuma wakati wa kuifungua.

MzeeWaTupa

La klia: hapana. Kiwandani mistari ilikaa juu ya rangi, ukipitisha ukucha unausikia ukingo. Ukizika chini ya klia, anayejua gari hizi atagundua kabla hajazunguka upande wa pili. Na siku mlango ukigongwa hutabadilisha kipande cha stika, utakwangua mlango mzima.

Boneti: nunua rangi nyeusi iliyotengenezwa isiwe na mng'ao, usikubali mtu akuchanganyie nyeusi ya kawaida na poda ya mtoto, nimesikia hilo likishauriwa bila aibu. Koroga kopo kabla na kila unapojaza bunduki, kwa sababu kitu kinachoua mng'ao kinatuama chini, na usipokoroga nusu ya boneti itang'aa kuliko nyingine. Mkono wa mwisho pita kwa kukatiza, marefu kisha mapana, umbali uleule. Doa likiingia usijaribu kuling'arisha wala kuweka kiraka, utapiga upya hadi ukingo. Na wax isiguse pale milele.

Fenda_Sakina

Napingana kidogo na Mzee kwenye klia. Kwa gari la kutembea kila siku kwenye vumbi letu, stika iliyo wazi inaanza kuinuka kingo. Mimi ningezika.

StikaKijenge

Fenda, kingo zinainuka kwa sababu ya matayarisho mabaya, vumbi halina nguvu hiyo. Na kwa vinaili ya kuakisi kuna hatari ya ziada: thina ya klia inaweza kuikunja au kuipausha, hutajua mpaka umeshapiga. Kwa gari lingine fanya unavyotaka. Kwa Mach 1 ya mtu anayetaka ya kiwandani, hapana.

Rangi mpya ikae kwanza. Rangi ya hadena (inayochanganywa na dawa ya kuigandisha) iliyokauka kwa hewa ipe wiki tatu. Fundi atakwambia imekauka kesho yake, na kwa kidole ni kweli, lakini bado inatoa hewa ya thina, na hewa hiyo ikikuta stika juu inaunda malengelenge. Jipime hivi: bandika kipande cha vinaili cha sentimita 15 mahali pasipoonekana, kiache hadi kesho yake. Kikiwa na mapovu ambayo hukuyaacha, subiri wiki nyingine.

Siku ya kubandika, mwaga maji sakafuni vumbi litulie. Osha ubavu, kausha, futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Chupa ya kunyunyizia: lita moja ya maji safi na matone manne ya sabuni ya vyombo. Matone, siyo vijiko. Sabuni ikizidi, stika inateleza saa nzima na gundi haishiki hadi mwisho.

Weka alama za tepu kwa vipimo vyako vya nailoni, mtu wa pili ashike mwisho. Nyunyiza bati na upande wa gundi wa stika, vyote viwili, laza, sogeza mpaka ikae kwenye alama. Kikwangua cha plastiki kilichovikwa kitambaa laini, anza katikati kwenda nje, kila mpigo upande juu ya uliopita nusu. Usiivute stika ili ifike, ya kuakisi haitanuki, inapasuka, au inarudi usiku na kukuachia pengo mlangoni. Acha dakika 45 hadi saa nzima kabla ya kutoa karatasi ya juu, nayo itoe kwa kuikunja nyuma ilale juu yake yenyewe. Herufi ikianza kuinuka nayo, irudishe, kwangua, subiri tena.

Mwisho wa mlango acha milimita 8 zizunguke ndani ya ukingo, pasha joto, bana kwa kidole. Kata kwa wembe mpya ndani ya mlango, kamwe siyo juu ya rangi ya nje. Povu lililobaki litoboe kwa sindano, siyo wembe, na ulikwangue kuelekea kwenye tundu. Usioshe siku mbili, na mashine ya presha isikaribie kwa wiki.

Stenlesi_Moshi

Niongeze hali ya hewa. Huku Moshi, Januari na Februari bati lililokaa juani saa sita huwezi kulishika, stika inajibandika kabla hujaipanga hata ukinyunyiza. Fanya kivulini asubuhi. Arusha mwezi wa sita na wa saba ni kinyume, asubuhi bati ni la baridi na gundi imelala. Ngoja saa nne au tano, bati lifike nyuzi 18 na kuendelea, usizidi 30. Kama gari limelala nje, liingize ndani tangu jana yake.

Kijiti cha nembo: usimruhusu mtu kukichomea. Zinki hii inayeyuka kabla ya nyuzi 400, utabaki na tone. Toboa kina kisichofika nusu sentimita kwenye kisiki cha kijiti, usipitilize mbele, pima kina kwa kufunga tepu kwenye biti ya drili. Kata nyuzi za skrubu ya milimita 3, ingiza skrubu isiyo na kichwa kwa gundi ya epoksi ya chupa mbili, iache saa 24. Vijiti vilivyobaki viloweke mafuta ya kupenyeza usiku kucha kabla ya kugusa nati nyingine.

Vipele havitoki kwa polishi. Kromu imetoboka na zinki imeoza kutoka chini, dawa ni kuvua kromu, kuchimba kila kipele, kujaza kwa shaba, kusawazisha, kuchovya upya. Kwa nembo ndogo gharama hiyo haiingii akilini, nunua mpya. Ila za zamani usitupe, mpya mara nyingi vijiti vyake havilingani na matundu, na utahitaji ya zamani kupimia kabla hujatoboa fenda.

BatiNjiro

Nimeelewa mkuu. Kesho nailoni na tochi, kisha vipimo vya kulia na kushoto. Dada Kijenge, seti ya majaribio nitaifuata Jumatatu. Mnatumia mchoro wa ukubwa kamili au nipige picha tu?

StikaKijenge

Ukubwa kamili. Picha inapinda pembeni. Lete nailoni imeviringishwa, na uandike juu yake kwa herufi kubwa KULIA na KUSHOTO, na mshale wa kuelekea mbele.